Wamepona, lakini njiti haizimiki

Upepo ukishaanza kuvuma, Sista hapimi mtu. Hilo ndilo sharti la kwanza, na kwa Dodoma si sharti dogo. Wakati wa kiangazi upepo wa nyanda hizi huamka jua likishapanda, hukokota vumbi la mitaani na kulimwaga kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mboga, kwenye macho ya watoto. Kwa hiyo kazi yake hufanyika asubuhi na mapema, nyuma ya ukuta wa jiko la nje, wakati hata majani ya mwarobaini hayajaanza kutikisika.

Vifaa vyake ni kiti cha plastiki, rula ya mwanafunzi, daftari kubwa la kaunta na kiberiti.

Anayepimwa hukalishwa, huachwa mpaka kuhema kwake kutulie. Sista huchukua rula, huweka ncha moja karibu na midomo ya mgonjwa, kisha huonyesha kwa kidole alama ya sentimita 15. Hapo ndipo moto utakaposimama. Maelekezo yanafuata, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuamrisha wodi nzima: "Vuta pumzi mpaka ishindikane. Mdomo wazi, baba. Wazi! Usipige mluzi. Haya, toa yote kwa mpigo."

Kifua kizima huizima njiti mwenyewe akiwa bado hajamaliza kupuliza. Kifua kibovu huufanya moto ulale upande, utetemeke, halafu usimame tena wima na kuendelea kula mti, ukishuka kuelekea kidole cha Sista. Kila mtu hupewa njiti tatu. Ya tatu ikikataa, Sista huitikisa yeye mwenyewe, huitupa chini, na kuandika kitu kwenye kaunta. Mara nyingi hasemi neno mpaka amalize kuandika, na kimya hicho wanaopimwa hawakipendi hata kidogo.

Nilikuwa nimekwenda Miyuji, hapa hapa Dodoma, kwa habari nyingine kabisa, ya bei ya kokoto. Dereva wa kirikuu aliyenipakia akaniambia tungepitia mahali kwanza, maana mama yake mdogo anakwenda "kuzima njiti". Nikadhani ni jina la kilabu cha pombe. Habari ya kokoto haikuandikwa.

Sista si mtawa. Ni muuguzi mstaafu, na kwa Tanzania nzima muuguzi wa kike ni sista tu, ingawa hapa Miyuji, kwenye hospitali ya masista wa Mtakatifu Gemma, jina hilo humvuruga mgeni. Jina lake la kwenye vyeti amekataa lisiandikwe. Sababu yake ni kwamba hana kliniki, hauzi dawa, hatozi hela, na hataki mtu yeyote wa halmashauri aje kumuuliza kibali cha kitu ambacho hakifanyi. Anachofanya, kwa maelezo yake, ni kuwapima majirani pumzi.

Kipimo chenyewe hakukibuni yeye. Kilielezwa mwaka 1959 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na Snider na wenzake watatu, kama njia ya kukagua mapafu kando ya kitanda mahali ambapo mashine haipo. Sista hakuwahi kusikia jina la Snider mpaka nilipomtajia. Yeye alionyeshwa na daktari mmoja wodini katikati ya miaka ya 1980, akiwa msichana aliyetoka tu chuoni, na alichoambiwa ni mambo mawili: umbali na mdomo wazi.

Huo mdomo wazi ndio ulioniweka pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilimuuliza kwa nini anaushikilia hivyo, akaninyooshea njiti. Nikakunja midomo nikapuliza kidogo tu, kwa dharau, moto ukafa. Akawasha nyingine, akaamuru kinywa kifunguke. Safari hii ilinibidi nisukume kwa nguvu kutoka tumboni. Midomo ikikunjwa, hewa kidogo hupenya kwenye tundu dogo kwa kasi kubwa, na hata mapafu yaliyochoka hufaulu kwa hila. Mdomo ukiwa wazi hila imeondoka. Kasi yote sharti itoke chini, kwenye njia za hewa zenyewe.

Na kasi ndiyo inayopimwa. Wengi wetu tumezoea kudhani ugonjwa wa mapafu ni kushindwa kuvuta hewa. Kuvuta ni kazi ya misuli: kiwambo kilicho chini ya mapafu kinashuka, mbavu zinapanuka, hewa inaingia. Kuitoa, mtu akiwa ametulia, hakuhitaji kazi yoyote, kwa sababu mapafu hujirudi yenyewe mithili ya mpira wa manati ulioachiwa. Mtu mwenye mapafu mazima akipuliza kwa nguvu zake zote, si chini ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuitoa hutoka ndani ya sekunde ya kwanza. Lakini moshi wa miaka mingi hulegeza ule mnyumbuko. Vijia vidogo vya hewa, ambavyo hubaki wazi kwa sababu tishu zinazovizunguka huvivuta kila upande, hukosa wa kuvishika. Mwenyewe akisukuma kwa nguvu, vinajifunga. Akisukuma zaidi, vinajifunga zaidi, na hewa iliyopitiliza ndani inabaki humo pumzi inayofuata ikigonga mlango.

"Mgonjwa anakuja analalamika hewa haiingii," Sista anasema. "Namwambia, bibi yangu, imejaa. Haitoki."

Kuna jambo hapa ambalo yeye hulipita haraka, na mimi nimeshindwa kulipita. Wazee anaowakataza kupiga mluzi kwenye kipimo, ndio hao hao ambao wakipanda kilima na ndoo hukunja midomo na kutoa pumzi polepole kwa mwanya mwembamba. Hakuna aliyewafundisha. Mwili umegundua peke yake kwamba ukizuia hewa kidogo mlangoni, shinikizo linabaki ndani na vijia havijifungi upesi. Kwa hiyo kile Sista anachokikataza mbele ya njiti ndicho anachokifundisha mara njiti ikishatupwa: vuta kwa pua, hesabu mbili, kunja midomo, toa, hesabu nne. Nimemwona akimfundisha mponda mawe wa makamo, mwanamume mwenye mabega ya kutisha, ambaye alikuwa ameshindwa na kijiti cha mbao. Alikuwa akihesabu kwa vidole, macho chini.

Sasa, wanaoshindwa ni akina nani? Nilitegemea wavuta sigara. Wapo, si wengi. Kina mama waliopikia kuni maisha yao yote wapo, tena wengi. Ila waliojaza kaunta ya Sista ni kundi ambalo sikulitegemea: watu waliougua kifua kikuu, wakameza dozi yao yote, wakaambiwa wamepona. Na kweli walipona. Vimelea havipo. Makohozi ni safi. Njiti haizimiki.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linamuuma, inabidi kumsikiliza akisimulia kuhusu daftari. Si kaunta yake hii, bali daftari la TB la serikali, lile refu lenye safu nyingi, ambalo alilijaza kwa mkono karibu maisha yake yote ya kazi.

Watanzania hatujisifu vya kutosha kwa daftari lile. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na aliyeusuka pamoja na wataalamu wetu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliambukizwa TB akiwa mfungwa kwenye kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Dawa zilikuwepo tayari duniani. Alichokuja nacho Styblo ni uhasibu. Kila mgonjwa anayeanza dozi aandikwe, na kila robo mwaka wilaya itoe hesabu ya walioanza: nani amepona, nani amekufa, nani ametoroka. Kuanzia mwaka 1982 dozi fupi ya miezi minane ikaanza kuingia. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa alilazwa, akachomwa sindano ya streptomaisini na kumezeshwa rifampisini mbele ya muuguzi, kwa kuwa rifampisini ilikuwa ghali na haikuruhusiwa kutoka nje ya wodi. Walio wengi wakapona, katika nchi maskini, jambo ambalo wakubwa wa afya wa Geneva walikuwa hawaliamini. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza TB kuwa janga la dunia mwaka 1993, mkakati uliosambazwa baada ya hapo ulikuwa umejengwa juu ya yale yaliyofanyika Tanzania na nchi nyingine chache zilizofuata njia hiyo hiyo.

Sista anakumbuka upande wa makalio. Sindano moja kila siku kwa miezi miwili: kulia leo, kushoto kesho, mpaka mgonjwa akawa hana pa kukalia. Anakumbuka wazee waliolalamika masikio yanavuma, na alivyojifunza kuyachukulia malalamiko hayo kwa uzito, maana streptomaisini huweza kuua usikivu. Anakumbuka mkojo wa rangi ya chungwa, alama ya rifampisini, na alivyokuwa akiwaomba wagonjwa wenye mazoea ya kutema vidonge wamwonyeshe chombo. "Mkojo haudanganyi," anasema, na anacheka mpaka anakohoa, na mimi najikuta nakisikiliza kikohozi chake.

Safu ya mwisho ya daftari ndiyo iliyokuwa ya heshima. Amepona. Amemaliza dozi. Ameshindwa. Amefariki. Ametoroka. Amehamishwa. Kuandika "amepona" kulihitaji ushahidi: makohozi yaliyokutwa na vimelea mwanzoni, yakutwe safi mwishoni. Sista aliandika neno hilo mara nyingi sana na kila mara, anasema, alijisikia vizuri. Waliopona walimletea kuku. Wengine walimletea ubuyu na karanga. Kisha wakarudi vijijini, na daftari likafungwa, likafunguliwa jingine.

Miaka ikapita, akastaafu, akajenga Miyuji. Hapo ndipo alipoanza kukutana nao tena, mmoja sokoni, mwingine msibani, mwingine kwenye daladala ya kwenda mjini. Waliopona wake. Walikuwa wakisimama katikati ya njia kana kwamba wanatazama kitu, kumbe wanatafuta pumzi. Mmoja, aliyekuwa mlimaji hodari, sasa alikuwa analinda banda la kuku kwa sababu ndiyo kazi pekee isiyohitaji kutembea. Hakuna aliyekuwa na TB. Sista alihakikisha: aliwatuma wote wakapime makohozi upya, akiwabana mpaka wakaenda. Ndipo akakumbuka njiti.

Vimelea vya TB vikishambulia pafu, mwili hupigana navyo, na vita hiyo ndiyo inayobomoa zaidi. Sehemu za pafu huoza na kuacha mapango. Dawa ikishinda, mapango hayajazwi nyama mpya. Yanazungukwa na makovu, na kovu halipanuki wala halipitishi oksijeni. Likinywea, huvuta njia za hewa zilizo jirani na kuzifanya pana, zisizo na umbo, ambamo makohozi hutuama na kuoza. Mwenye kifua hicho atakohoa kila asubuhi maisha yake yote. Pengine atakohoa damu, bila kimelea hata kimoja cha TB.

Nilidhani labda Sista ametia chumvi, kwa huruma ya mtu aliyewauguza. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wagonjwa 501 wa TB ya mapafu waliokuwa wamefikisha walau wiki 20 za matibabu. Walipimwa pumzi kwa mashine halisi. Waliokutwa na kasoro walikuwa 371, karibu robo tatu. Kwa dunia nzima inakadiriwa kwamba mwaka 2020 kulikuwa na watu wapatao milioni 155 waliougua TB kuanzia mwaka 1980, wakapona na bado wako hai. Na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kuzungumzia mapafu ya waliopona TB, wa kwanza kabisa, ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, Julai 2019. Wakati huo Sista alikuwa ameshamwona mgonjwa wake akilinda kuku.

Sisemi daftari lilikosea. Lilikuwa silaha ya kuua kimelea, na lilikiua. Lakini safu zake zote zinauliza kuhusu kimelea na kuhusu mtu kuendelea kuwepo. Hakuna safu inayouliza amebaki na pumzi kiasi gani. Sista amejitengenezea. Kwenye kaunta yake kuna jina la mtaa, umri, mwaka wa dozi, kazi, jiko, na safu ya mwisho yenye alama moja, mbili au tatu za njiti. Nilipomwuliza kama amewahi kuionyesha kwa wakubwa wa afya, aliniangalia kwa muda. "Mwanangu, niwaonyeshe kiberiti?"

Safu ya jiko inastahili mistari michache. Wengi wa kina mama walioandikwa humo walizaliwa na kuolewa katika nyumba za tembe, zile za Kigogo zenye paa bapa la udongo, zilizoinama chini ili upepo uzipite juu. Ni nyumba zenye akili nyingi kwa nchi hii ya upepo na jua. Lakini moto ulipowashwa ndani, kuni zikikosekana yakatumika mabua ya mtama, moshi haukuwa na haraka ya kutoka. Msichana aliyeanza kusonga ugali akiwa na miaka saba, akifika sitini amevuta moshi kuliko mvuta sigara wa mjini, na hakuna daktari anayemwuliza kama "anavuta". Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Mtungi wa gesi upo kwenye nyumba nyingi za Miyuji nilizoingia. Kwenye baadhi umefunikwa kitambaa safi, na mkaa unawaka nje.

Safu ya kazi inasema kokoto. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, jiji hili halijaacha kumwaga zege, na kokoto inapondwa kwa mashine kwa wenye mtaji, kwa nyundo kwa wasio nao. Majabali ya hapa ni matale, na ndani ya matale kuna chembe za kwazi. Vumbi lionekanalo kwa macho, lile linalofanya kope ziwe nyeupe, pua hulinasa. Linaloua ni lile lisiloonekana, la chembe ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, linaloshuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi hulimeza, hushindwa kulisaga, hufa, na kuliachia limezwe na nyingine. Kila kifo huacha kovu. Na mapafu yenye vumbi hilo hushikwa na TB kwa urahisi mkubwa zaidi, kwa hiyo safu za Sista zinaingiliana: kokoto, jiko, dozi, njiti tatu.

Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tunayo tangu mwaka 2003. Inamtazama mwajiri. Mama anayeponda mawe kwa nyundo chini ya turubai, akiuza ndoo kwa ndoo, mwajiri wake ni nani?

Nilisema nimevutwa na mdomo wazi. Nikiri kwamba kiganja nacho kilinivuta. Njiti ya tatu ikikataa, Sista humwomba mgonjwa alale chali kidogo, huweka kitako cha kiganja chake kushoto mwa mfupa wa katikati ya kifua, na kutulia. Kwa mmoja wao, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, alinikaribisha niweke changu baada ya mwenyewe kukubali. Nilitarajia mapigo. Nilichokuta ni msukumo: kiganja kilikuwa kikinyanyuliwa, kinashushwa, kinanyanyuliwa.

Huo ulikuwa upande wa kulia wa moyo, ambao kwa mtu mzima wa afya huwezi kuuhisi hivyo. Upande wa kushoto husukuma damu mwili mzima na una ukuta mnene. Wa kulia una kazi moja, kuipeleka damu kwenye mapafu yaliyo jirani, na ukuta wake ni mwembamba kwa sababu mapafu mazima hayapingi. Mtu mzima aliyetulia huzungusha damu kama lita tano kwa dakika, na lita hizo zote tano lazima zipite kwenye mapafu kwanza. Sasa makovu yamefunga sehemu ya mishipa. Mishipa iliyobaki, kwa kukosa oksijeni, imejibana. Damu ni ile ile, njia imepungua. Ukuta mwembamba unajijenga kuwa mnene, unapigana miaka kadhaa, kisha unachoka na kutanuka. Damu inarudi nyuma ilikotoka. Mishipa ya shingo inasimama, ini linavimba, na mwisho kabisa, chini kabisa, miguu.

Sista alibonyeza ugoko wa yule mama kwa dole gumba, akaondoa. Shimo likabaki. Tulilitazama sote watatu likichelewa kujaa.

Watu wa miguu kama hiyo huzunguka sana kabla ya kufika kwa mwenye kiberiti. Wengine huambiwa ni figo, wengine chumvi. Wengi huambiwa na majirani kwamba wamekanyagishwa dawa njiani, na kwa kweli maelezo hayo yana mantiki yake: kama miguu ndiyo iliyovimba, kwa nini mtu atafute kosa kifuani? Wakifika kliniki ya TB wanaambiwa hawana TB. Wakifika kwa daktari wa moyo wanaambiwa chanzo ni mapafu. Dodoma ya leo si ya zamani. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina wataalamu wa moyo na mashine ambazo zamani zilimlazimu mtu apande basi mpaka Dar es Salaam. Moyo wa mama huyu unaweza kupigwa picha na kusomwa vizuri kabisa. Baada ya kusomwa, arudi kwa nani?

Kwa sasa anarudi kwa Sista, ambaye ana vitu vichache vya kumpa. Pumzi ya midomo iliyokunjwa. Kulala kwa ubavu, upande wenye pafu bovu ukiwa juu, ili makohozi ya usiku yateremke na kutoka asubuhi. Kutembea kila siku hadi kwenye mwarobaini na kurudi, kesho hatua chache zaidi, maana misuli iliyozoeshwa huomba oksijeni kidogo. Wanaoweza kununua huwaambia wamwombe daktari dawa ya kuvuta, ile pampu ya watu wa pumu, ambayo kwa baadhi yao hufungua kifua na kwa wengine haifanyi lolote, kwa kuwa kovu halifunguki. Na kila mmoja humwandikia karatasi.

Karatasi hiyo ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, umeandikwa kwa mwandiko wa kinesi ulionyooka: mgonjwa huyu alitibiwa TB mwaka fulani akamaliza dozi, tafadhali pimeni makohozi kabla ya kumwanzishia dawa upya. Anaandika hivyo kwa sababu makovu kwenye picha ya eksirei hufanana mno na TB inayowaka, na tabibu mwenye foleni ndefu, mgonjwa anakohoa mbele yake, picha chafu mkononi, huanza dozi. Hamlaumu. Anasema na yeye amewahi kuona TB ambayo haikuanzishiwa dozi ikaua mtu. Alinitaka niandike wazi, na akasimama mpaka nilipoandika, kwamba njiti haitambui TB: aliye nayo anaweza kuizima vizuri tu, na anayekohoa wiki mbili aende hospitali, asije kwake.

Karatasi zake hupokelewa kwa namna mbalimbali. Kuna waliorudi wakiwa wamepimwa kwa mashine, majibu wameshika. Kuna aliyerudi nayo ikiwa imekunjwa vilevile, haijafunguliwa.

Yule mama wa kiganja alikuja amechelewa. Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na kadi tatu za matibabu ya TB, kila moja ya dozi yake, zote amemaliza. Sista alizipanga juu ya kiti. Kadi ya kwanza ina majibu ya makohozi, alama mbili za chanya, na mwishoni hasi. Ya pili, mahali pa majibu ni patupu, na pembeni pameandikwa "eksirei". Ya tatu vilevile. Miezi sita na miezi sita, mwaka mzima wa vidonge, wa nauli, wa kutengewa kikombe nyumbani, pengine kwa ugonjwa uliokwisha kabla hata ya kadi ya pili kuandikwa. Au pengine ulirudi kweli mara mbili na dawa zikamwokoa mara mbili. Sista hajui. Mama mwenyewe alitaka kujua, tena kwa jambo moja tu: kama haikuwa TB, wajukuu waliozuiwa kulala naye walizuiliwa nini?

Nilikwenda naye kwenye kituo kilichomwanzishia dozi ya pili. Walitupokea vizuri, wakatupa kiti, wakatafuta. Daftari la mwaka ule limepelekwa stoo, wakatuambia, na mwenye ufunguo wa stoo amehamishiwa wilaya nyingine.